Kila Niliyemfundisha Alihama

Siku ya kuniaga mlinikatia keki iliyochorwa bomba linalovuja. Nilicheka, kisha nikaitazama vizuri na kugundua kwamba aliyeichora anaijua kazi yetu, maana tone lilikuwa linatoka kwenye kiungo, pale pale bomba linapopenda kuvuja. Mliniomba niseme neno kwa wanaobaki. Sikusema, kwa kuwa chai ilikuwa inapoa na mkubwa wetu alikuwa anaangalia saa. Basi neno lenyewe ndilo hili, na ni refu kidogo kuliko ambavyo mngevumilia mkiwa mmesimama na sahani mkononi.

Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichovuta maji. Nitawaeleza jambo moja tu lililonisumbua tangu nikiwa msichana wa kubeba spana hadi nilipoirudisha stoo: kwa nini kila mahali tulipofikisha maji, watu walianza kuondoka. Mimi nilitegemea kinyume. Niliingia kazini nikiamini kwamba mtu huhama kwa sababu ya shida, na ukimwondolea shida atatulia kwake. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa darasani, na hivyo ndivyo wageni wa heshima walivyosema kila tulipofungua mradi.

Nilianzia upande wa Chala, karibu na mpaka wa Tanzania, chini ya Mzee Nyambu, fundi aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya mkonge na ambaye hakutamka neno ikiwa kutikisa kichwa kungetosha. Siku ya kwanza tulipoteremka garini, wazee wa pale walimpa dereva mkono, wakampa Mzee Nyambu mkono, kisha wakaniuliza kama nimekuja kupika. Mzee Nyambu alinikabidhi spana kubwa ya mabomba mbele yao, akaenda kukaa kivulini. Nilifungua kiungo cha bomba kwa jasho na aibu, na hakuna aliyeniuliza tena habari za jikoni. Ingawa mchana, kusema kweli, nilipika, kwa sababu dereva alikuwa anaunguza ugali.

Ni Mzee Nyambu aliyenifundisha kusikiliza pampu. Unaweka ncha moja ya spana kwenye bomba linalopanda kutoka kisimani, ncha ya pili unaiweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, halafu unanyamaza. Pampu iliyo nzima hutoa mlio mmoja, mzito na wa sawasawa. Ikianza kuvuta hewa mlio hupanda na kukwaruza, na hapo una muda mdogo tu wa kuizima kabla haijaungua. Najua siku hizi mna vifaa vinavyoonyesha hayo yote kwa taa nyekundu. Taa hizo huliwa na chumvi ya maji yetu ya Voi. Sikio haliliwi.

Huko Chala kulikuwa na mkulima mmoja wa nyanya ambaye bomba letu lilipita kando ya shamba lake. Tulipomwunganishia maji aliniambia kwamba sasa wanawe watakaa nyumbani walime. Misimu michache baadaye tulirudi kukagua vali. Shamba lilikuwa kijani, nyumba ilikuwa na mabati mapya, na mzee mwenyewe alikuwa akivuna na vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Vijana wako wapi?" nikamwuliza.

"Mmoja Nairobi, mmoja Mombasa. Yule msichana yuko chuo."

"Si ulisema wakipata maji watalima?"

Alifikiri kwanza. "Nililima vizuri mpaka wakasoma," akasema. "Sasa wamesoma mpaka hawalimi." Hakuwa na huzuni. Alionekana mtu aliyefanya hesabu yake sawasawa na kushangazwa na jibu. Njiani nilimwuliza Mzee Nyambu anaonaje habari ile. "Ile vali uliifunga vizuri?" akaniuliza, na huo ukawa mwisho wa uchunguzi wangu kwa wakati ule.

Baadaye nilihamishiwa Voi na kupewa vijiji vya Marungu, na hapo ndipo nilipokutana na Ilegenyi. Nitakaa hapo, maana kijiji hicho kilinifundisha zaidi ya chuo. Nilipofika mara ya kwanza, wanawake walikuwa wakitoka na punda alfajiri kwenda kwenye bwawa na kurudi jua likiwa kali, na wasichana walikuwa wakienda nao. Shule ilikuwepo, lakini nusu ya madawati ya wasichana yalikuwa wazi. Na cha ajabu, karibu kila mtu alikuwepo nyumbani. Ukiuliza nani amehama, walikutajia mtu mmoja au wawili, tena kwa kunong'ona, kana kwamba hao waliohama walikuwa wamefungwa jela.

Tukachimba kisima, tukaweka pampu, tangi na kioski cha kuuzia maji. Siku ya ufunguzi mgeni wa heshima alisema, "Sasa vijana wenu hawatakuwa na sababu ya kuhama," na tukapiga makofi, mimi nikiwa mbele. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Wakesho, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka kilima cha pili. Binti yake Wakesho alikuwa pale, mgongoni amebeba mtoto mchanga aliyeitwa Mghoi. Mama Wakesho alimkinga yule mtoto kichwa kwa leso, akamnawisha uso kwa maji ya kwanza ya bomba. Mtoto alilia sana, maana yalikuwa ya chumvi.

Sasa, pampu inataka mtu. Kisima cha Ilegenyi hakina maji mengi. Ukiacha pampu ikimbie bila kuangaliwa, itakausha kisima na kuungua. Lazima awepo mtu wa kuiwasha asubuhi, kuisikiliza, kuizima, kuosha vali, na kuziba mabomba pale ndovu wa mbuga ya jirani wanapoyafukua. Ndovu husikia harufu ya maji kwenye kiungo kinachovuja kuliko fundi yeyote niliyefanya naye kazi. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba kijiji kinachagua mtu mmoja, mimi namfundisha, anapewa cheti, na pampu inakuwa mikononi mwake.

Walichagua kijana mwerevu kuliko wote, Mwamburi. Alishika kazi haraka, kisha akaondoka. Nilimkuta stendi ya Voi na begi, nikamsimamisha kwa maswali. "Madam," akasema, "umenifundisha kitu kinachotakikana kila mahali. Halafu unataka nikitumie hapa tu?" Alikwenda Mombasa, akaajiriwa hotelini kutunza mabomba.

Kamati ikasema kosa lilikuwa kuchagua kijana. Wakamchagua Kizaka, mtu mzima, mwenye mke, watoto na zizi la mbuzi, mtu aliyefungwa pale kwa kamba nne. Kizaka alifanya kazi safi miaka kadhaa. Watoto wake wakasoma, maana hawakuwa tena kwenye foleni ya bwawani, na mkubwa alipopata kazi Nairobi akamwita baba yake aende kuangalia pampu za magorofa. Naye nilimwuliza, kwa sababu wakati huo kuuliza kulikuwa kumenishika kama ugonjwa. Akanijibu kwa upole: "Fundi, zamani sikuwa na nauli, na sikuwa na pa kwenda. Sasa ninavyo vyote viwili." Alinikabidhi spana ikiwa imefutwa mafuta vizuri. Wakesho naye alikuwa ameshaondoka, akamwacha Mghoi kwa bibi yake.

Nilianza kuangalia kwa makini mambo yalivyokuwa yakienda. Kwanza maji. Kisha wasichana darasani. Kisha barabara ikachongwa, umeme ukafika, simu zikapata chaji. Na kila kitu kilichofika kilichukua mtu kilipokuwa kikirudi. Vijiji vilivyokuwa na shida kubwa zaidi, kule ndani kusikokuwa na chochote, watu wake walikuwa palepale. Waliotoka ni wale walioanza kupata. Nilikuwa nimeikariri kanuni yangu kinyumenyume, na kanuni ikiwa kinyumenyume mtu hukosa hata wa kumlaumu.

Tena kulikuwa na waliokuwa wakija. Mutua na mkewe Mueni walitoka Kitui, wakakodi shamba kando ya kisima, wakapanda pojo. Nilimwuliza Mutua kilichomleta Ilegenyi. "Maji," akasema, akishangaa swali. Kwa hiyo bomba lilelile lilikuwa likitoa watu upande mmoja na kuingiza upande mwingine. Wenyeji walimwita mgeni, wakanunua mboga kwake, wakaendelea kumwita mgeni.

Mtu wa tatu kuishika pampu alikuwa Mghoi, yule mtoto wa leso, sasa amemaliza sekondari. Mama Wakesho mwenyewe ndiye aliyempendekeza, na nilielewa kwa nini. Alitaka kitu cha kumweka yule msichana karibu naye. Wakati huo tulikuwa tumeweka paneli za sola. Nimefundisha watu wengi, lakini Mghoi alikuwa na sikio. Mara ya kwanza aliposikiliza kwa spana alifumba macho, akasema, "Kuna kitu kinagonga chini, kidogo tu." Nilisikiliza, sikusikia kitu. Siku chache baadaye tuliivuta pampu juu tukakuta skrubu moja imelegea.

Ndipo akapata nafasi chuo cha ufundi Eldoret, kozi ya umeme.

Mkubwa wangu Voi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka na Ilegenyi. Aliniambia waziwazi: pampu ikisimama tena kwa kukosa fundi, paneli zitang'olewa zipelekwe kijiji kingine ambacho kina mtu. Vijiji vya kuzitaka havikukosekana. Kwa hiyo hali ilikuwa hii: Mghoi akibaki, Ilegenyi ina maji. Akienda, wanawake wanarudi bwawani na punda. Na wa kwenda kuyasema hayo nilikuwa mimi.

Mkutano ulifanyika katika darasa la chekechea, kwa kuwa ndilo lililokuwa wazi. Watu wazima walikaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakiwa karibu na masikio, na ni vigumu kugombana kwa heshima ukiwa umekaa hivyo, ingawa tulijaribu. Nilieleza maneno ya mkubwa. Mghoi alisimama nyuma, karibu na mlango, mikono ameikunja.

"Haendi," akasema Mama Wakesho. "Mama yake aliniambia anaenda miezi michache tu kutafuta kazi. Miezi gani hiyo? Mtoto amekua mpaka ananipita kimo. Huyu haendi."

"Nyanya, nitarudi," akasema Mghoi.

"Hata Wakesho alisema hivyo. Kwa mdomo uleule."

Mzee mmoja alisema msichana asilazimishwe. Mwingine akamwuliza kama yeye mwenyewe yuko tayari kwenda bwawani. Kisha Mama Wakesho akanigeukia. Alitaka nimwambie mjukuu wake abaki. Alikuwa akiningojea tangu mwanzo. Nami nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo, sitawaficha. Lakini nilipofungua mdomo nilimwona Mghoi akinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikimfundisha. Nikasema kwa shida kwamba mtu akipata nafasi ya kusoma si vizuri kumzuia.

Mama Wakesho alikasirika. "Ni rahisi kwako kusema. Wewe kwenu ni wapi?"

"Juu, Wundanyi."

"Mama yako yuko?"

"Yuko."

"Na nani anamletea maji mama yako, wewe ukiwa hapa kuwafungulia watu wengine?"

Lilikuwa swali la kuniumiza, na liliniuma. Nilijibu tu kwa sababu nilikuwa nimeulizwa na mtu aliyenizidi umri. "Kwetu maji ni ya mfereji. Yanatoka juu mlimani, yanapita mashamba yote. Kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia. Zamu yetu ni Alhamisi."

"Na Alhamisi nani anafungua? Mama yako na miguu ya uzee?"

"Jirani."

"Zamu ya jirani?"

"Hapana, zamu yetu. Zamu ni ya nyumba. Aliyepo ndiye anayefungua. Nyumba ikiwa haina mtu wa nguvu, wa pembeni anaifungulia mpaka mtu wake arudi. Haijawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Babu zetu walikuwa wakienda Mombasa, wakienda vitani, na mfereji haukukauka."

Niliyasema hayo kwa kujitetea, na nikajisikia nikiyasema. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikizunguka vijijini kutafuta mtu mmoja ambaye hataondoka, nami nimetoka kwenye mlima ambao watu wake hawakuwahi kumtafuta mtu wa namna hiyo. Na nilikuwa nimetoka kweli. Nilikuwa nikiwauliza wenzangu sababu za kuhama, stendi na mashambani, wakati mimi mwenyewe nilihama siku niliyopelekwa sekondari na sijarudi. Haikuwahi kunijia kichwani kujihesabu, kwa sababu mtu mwenye gari la ofisi hudhani anasafiri tu.

"Tufanye zamu," nikasema. "Pampu iwe ya nyumba, isiwe ya mtu."

Maswali yakaanza, na yalikuwa mazuri. Nani atatufundisha sote? Cheti atapewa nani? Nikasema cheti hakuna, na nikaona vijana wawili wakipoteza hamu papo hapo, jambo lililonipa moyo, maana anayetaka cheti hutaka kuondoka nacho. Kisha Mutua, aliyekuwa amesimama kwa kukosa kiti, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitapewa zamu?"

Wote walimtazama Mama Wakesho.

"Zamu ni ya nyumba," akasema hatimaye, bila furaha. "Huyu ana nyumba?"

"Anayo," akasema mtu. "Inavuja, lakini anayo."

Watu walicheka, Mutua naye akacheka, na Mueni, ambaye alikuwa mlangoni, hakucheka hata kidogo. Aliuliza siku yao ni ipi. Wakapewa Jumamosi. Nyumba ya Mama Wakesho ilichukua Jumanne. Nyumba nyingine ziligawiwa siku zilizobaki kwa makundi, na kwa mara ya kwanza nikatoka Ilegenyi bila jina la fundi.

Mkubwa wangu hakupenda. "Nikitaka kumlaumu mtu, nimlaumu nani?" aliniuliza, na kiofisi lilikuwa swali la haki. Nilimwomba anipe muda mpaka Mghoi aende chuo, na msimu mmoja wa mvua baada ya hapo. Akakubali kwa sababu hakuwa na gari la kwenda kung'oa paneli wiki ile.

Mghoi aliwafundisha nyumba baada ya nyumba. Mimi nilikuwa nikipita kuangalia, na nilichokiona hakikuwa kizuri kwa moyo. Mzee wa Jumatano aliosha paneli kwa maji ya chumvi yaleyale, zikabaki na ukungu mweupe mpaka zikasuguliwa upya. Watu wa Ijumaa waliacha vali wazi na ndovu wakaja kulala kando ya tangi. Tuliwakuta asubuhi wametosheka na bomba limekunjika. Jumamosi moja pampu ilianza kuvuta hewa. Mueni, aliyekuwa amejifunza kusikiliza akiwa na mtoto mgongoni, aliizima kabla Mutua hajajua kuna nini. Baada ya hapo sikusikia tena mtu akiwaita wageni mbele yangu. Nyuma yangu sijui.

Mama Wakesho ndiye aliyekataa kujifunza. Jumanne zilipofika Mghoi alifanya kazi na bibi akakaa pembeni akichambua mboga, uso ameugeuzia upande mwingine. Nilielewa. Kujifunza kungekuwa sawa na kumfungulia mlango. Nilimwambia hivyo Mghoi, naye akasema, "Najua, Madam. Na mimi sitamlazimisha. Lakini Jumanne yetu itakufa." Hiyo ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi, siyo Eldoret.

Siku yake ya kuondoka iliangukia Jumanne. Nilikuwa nimeahidi kumshusha stendi ya Voi, kwa hiyo nilifika mapema. Nilimkuta amesimama kwenye kioski na begi lake, hajui kama awashe pampu kwanza au aende. Foleni ya madumu ilikuwa imeshajipanga. Hapo tukamwona Mama Wakesho akija polepole, amejifunga leso kiunoni. Hakutusalimu. Alinyoosha mkono kwa mjukuu wake.

"Leta hiyo spana. Leo ni Jumanne."

Alibonyeza swichi bila kuitafuta. Kumbe zile Jumanne zote alizokuwa akichambua mboga alikuwa akiangalia. Aliweka spana kwenye bomba, akainama, akaweka ncha nyuma ya sikio. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mghoi alikuwa akilia waziwazi sasa, na mimi nilikuwa na vumbi jicho moja, kisha la pili.

"Iko sawa," akasema Mama Wakesho, bado ameinama. "Nenda. Utachelewa."

Garini Mghoi alikaa na begi magotini mpaka tulipofika lami. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimesikia mlio ule. Nikamwambia sikusikia, nilikuwa mbali. "Mimi nimesikia," akasema. "Ilikuwa sawa kweli."

Mvua ilipita, na nyingine. Paneli ziko Ilegenyi hadi leo, mnajua wenyewe. Waliohama wameongezeka. Mghoi alimaliza, sasa anafunga sola kwenye mashule ya kaskazini, na kila akija likizo, Jumanne huwa kwenye pampu na hashiki simu ya mtu. Kizaka na Mwamburi hupigiwa simu pampu inapoleta matata na huwaelekeza watu, kila mmoja akimpinga mwenzake. Sijapata jibu kamili la swali langu. Najua tu kwamba maji hayamfungi mtu. Humpa nafasi, na nafasi kila mtu huitumia anavyojua. Nilipoacha kuhesabu kila aliyeondoka kuwa bomba lililopasuka, kazi ilinipendeza zaidi. Ninyi mkifika kijiji kipya, msipoteze muda kutafuta atakayebaki. Ulizeni zamu ya kesho ni ya nani.

Nami nimerudi nyumbani. Wiki ya kwanza baada ya ile keki nilipanda Wundanyi na mizigo yangu yote, nikamkuta mama amekaa mlangoni anamenya viazi. Alhamisi asubuhi jirani yetu, Baba Maghanga, alipita na jembe begani, akasimama.

"Saru," akasema, "zamu yenu tumeifungua tangu uende shule. Mimi, na kabla yangu baba yangu. Sasa umerudi." Akanipa jembe.

Nilikwenda. Niliziba pale, nikafungua hapa, kwa elimu yangu yote na kwa miaka yangu yote ya mabomba. Maji yalikuja kwa nguvu, yakaruka ukingo, yakaingia njia ya watu, yakanijaza viatu. Migomba ya mama haikupata tone. Baba Maghanga alitazama mawingu kwa adabu. Mama alikuwa amesogea mpaka ukingoni kwa fimbo yake, akaangalia ile kazi yangu kwa utulivu.

"Hivi huko Voi ulikuwa ukifanya nini?" akaniuliza.

"Nilikuwa nikifundisha watu habari za maji, mama."

"Na wako wapi hao watu?"

"Wamehama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia alichokitegemea. Kisha akaelekeza fimbo mahali pa kutia udongo, hatua mbili juu ya pale nilipokuwa nimeziba. Nikatia. Maji yakageuka taratibu, yakaingia migombani.

"Alhamisi ijayo," akasema mama, "vua viatu."